Radhi za Kusoma, Safari ya Kusomesha

Bi Mwanamina mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana moyo wangu hautulii.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Malindi, nina miaka ishirini na saba, nimelelewa na bibi yangu tangu mama afariki, na mwezi uliopita nilipata kazi katika meli inayochukua wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo, wanasoma humo humo huku meli ikienda bandari hadi bandari, nami nitapandia Mombasa niwasomeshe Kiswahili kwa miezi minne, kazi ya heshima na mkataba nimeshatia sahihi, lakini kwa bibi, mwanamke afanyaye kazi melini kazi yake ni moja tu, kumimina pombe, basi aliponiuliza nakwenda kufanya nini nikataka kusema kusomesha, nikafika katikati ya neno nikamwona uso, nikaogopa, likatoka "kusoma", naye akapiga kigelegele pale pale, akanishika kichwa akasema, "Kama ni kusoma, nenda mwanangu, radhi zangu zote unazo," na sasa ameita majirani, Ijumaa baada ya Alasiri nasomewa dua ya mwanafunzi, halua ameshaagiza, na kila nikiiona furaha yake naingia chooni nikalie. Binamu yangu Swafwan, ambaye humsomea bibi safu yako ya gazetini kila Jumatano, aniambia ninyamaze, radhi ni radhi, nitamweleza nikirudi. Lakini bibi ana miaka themanini na moja. Je, radhi zile zanifuata baharini, au zimebaki nyumbani?

Rayhana, Shela, Malindi

Marahaba, mwanangu.

Pole. Kumwogopa aliyekulea si aibu, na kazi uliyopata ni ya kujivunia. Lakini wewe nawe! Mwalimu wa Kiswahili mzima umeshindwa kumaliza kitenzi mbele ya bibi yako? Radhi zile amempa mwanafunzi, na mwanafunzi huyo hayupo. Wewe bado hujaomba. Na huyo Swafwan mwambie ashike adabu yake, bibi wa miaka themanini na moja hawekwi kiporo miezi minne.

Usingoje Ijumaa ukamfedhehesha mbele ya majirani. Mwendee akishaswali Adhuhuri, mkiwa wawili tu. Anza kwa kumwomba msamaha, kisha chukua mkataba umfasirie mstari kwa mstari, na pale palipoandikwa "mwalimu" umsomee mara mbili. Akiuliza kuhusu pombe, usimwapie kwamba haimo melini, hujui. Mwambie mkono wako utashika kalamu. Atanuna, wallahi atanuna. Keti hapo hapo, usijitetee, usimtume mtu akusemee. Akikataa leo, rudi kesho uombe tena. Lakini aliyekulea mpaka ukawa mwalimu, sidhani atakuchukia kwa kusomesha. Akikubali, halua haiharibiki, ni kumwambia tu anayesoma dua abadilishe neno.

Na jambo moja zaidi. Wajua vizuri kwamba bibi husomewa safu hii kila Jumatano, na bado ukaniandikia mimi. Nadhani ulitaka ajue, ila ulitaka mdomo wa mwingine. Mimi sikukopeshi wangu. Majina nimeyabadilisha, lakini hapo Shela ni bibi yupi mwingine aliyeagiza halua ya Ijumaa hii?

Leo ni Jumatano, mwanangu. Vaa viatu.