Doa Jeusi la Tabla

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Safari hii usinijibu "sijambo" kwa mazoea tu: mgongo umepona? Wifi na watoto wazima? Huku tunaendelea vizuri. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kutugombeza haijapungua.

Huu ni mwaka wa pili najifunza kupiga ngoma ya tabla. Najua ulisema vidole vya wasichana havina uzito. Hoja hiyo ni mbovu, kaka, na nitaibomoa tukionana. Miezi mitatu ya kwanza sikugusa ngoma. Nilitamka midundo kwa mdomo, dha, dhin, ta, nikifua, nikimenya viazi, hadi Mama akauliza nani kaniroga. Mwalimu alishikilia kwamba kisichotamkika kinywani hakipigiki vidoleni. Nilimbishia, nikashindwa.

Mwalimu mwenyewe ni Mama Nyundo. Ndiyo, fundi wa ngoma yule yule uliyemwita mwizi mbele ya wateja wake, ukidai doa alilopaka kwenye tabla yako lilikuwa la bandia, likabanduka ndani ya wiki moja. Usichane barua. Soma kwanza.

Nimemuuliza maswali hadi akasema nikifa nitamhoji mchimba kaburi. Swali kubwa lilikuwa hilo doa jeusi katikati ya ngozi: la nini? Badala ya kujibu akanipa mchi na kinu. Kumbe ni unga uliopikwa ukawa gundi, na vumbi la chuma. Unapaka tabaka jembamba kama ganda la kitunguu, unalisugua kwa jiwe laini mpaka lipasuke nyufa ndogo mno, kisha unapaka jingine. Mimi nilidhani nyufa ni kosa langu, nikaziziba. Ngoma ikalia kama mtu anabisha hodi. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema bila nyufa ngozi imezibwa mdomo.

Kaka, hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Wiki ile doa lako lilipotoweka nilikuwa na miaka tisa, na siku hiyo wewe ulikuwa kazini. Nilitaka kujua sauti inakaa wapi. Nikachukua kisu cha mezani, nikalikwangua doa la tabla yako lote, nikitafuta kilichomo. Ndani hamkuwa na kitu. Uliporudi ukamlaumu fundi, nikanyamaza. Ukaapa hutapiga tena, nikanyamaza.

Nilipomwungamia Mama Nyundo, alisema alijua tangu siku ile, kwani alama za kisu zilionekana wazi. Nikauliza mbona hakujitetea. Akajibu kwamba wewe hukwenda na swali. Ulikwenda na jibu lako tayari.

Nimeishusha tabla yako kutoka juu ya kabati. Nimeipaka doa jipya kwa mikono yangu, tabaka arobaini na mbili. Mama Nyundo amelikagua, akaguna, na kwake mguno ni sifa. Lakini haijapigwa bado. Vidole vya kwanza nataka viwe vyako. Ila ujue, kaka, njia ya kuja nyumbani inapita mlangoni kwa fundi. Anzia hapo.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Nigombeze utakavyo, lakini njoo.

Mdogo wako mkosaji,
Kiherehere