Mapezi Namba Thelathini na Nane

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mwaka wa tatu sasa nakuamkia bila kuitikiwa, ila mdomo umezoea na sitaki kuuachisha.

Ninakuandikia nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Ifakara. Mlango wa fremu, hiki chumba changu cha duka, nimeurudisha nusu ili wateja wasinione, kwa sababu miguuni nimevaa mapezi. Mapezi kweli, Mama, ya plastiki nyeusi, marefu kuliko mikono yangu, yale wanayovaa watu wanaoshuka baharini kwa pumzi zao wenyewe bila mtungi wa hewa. Nimeambiwa niyavae nusu saa kila siku mpaka mguu uyazoee. Jumamosi tunaondoka kwenda Kilwa, kwao Shabani, na Jumatatu nitaingia nayo majini. Najua jicho ulilonitolea hapo. Nisikilize kwanza, ukimaliza kusoma ndipo unune.

Unaikumbuka siku Shabani alipokuja kuposa pale nyumbani kwetu Michenga. Ulimhoji kuhusu kazi yake ya ufundi wa mashine za kukoboa mpunga, ukaridhika. Ukamhoji kuhusu dini na ukoo, ukaridhika. Kisha ukasikia kwamba huko kwao anapiga samaki kwa mkuki chini ya bahari, ukaweka chini kikombe cha chai. "Huyu ni wangu wa mwisho," ulimwambia. "Mchukue, ila usimpeleke majini." Akaapa. Na kiapo hicho amekishika kuliko ahadi zote alizonipa mimi, ikiwemo ile ya kuezeka jiko.

Likizo iliyopita alikwenda kwao peke yake, kama kawaida. Aliporudi, tukiwa tunakula, akanisimulia huku anacheka kwamba alimfuata samaki mmoja mkubwa, chewa, akakaa chini kupita kiasi, na alipokuwa anapanda akazimia humo humo majini. Alizinduka amelazwa ndani ya mtumbwi wa binamu yake aliyekuwa anapita tu. Anapita tu, Mama! Nikamwuliza, je, asingepita? Akasema, "Angepita mwingine." Niliacha tonge kwenye sahani nikatoka nje, nikasimama karibu na banda la kuku bila kujua nimefuata nini.

Nilimwomba aache. Aliacha miezi mitatu, akawa mtu wa kukaa mlangoni akitazama barabara, mkali kwa mafundi wenzake na mkali hata kwa hao kuku. Nilimhurumia na nilimchukia kwa pamoja. Ndipo nikaanza kuuliza watu na kusoma kwenye simu, nikajifunza jambo ambalo kila mzamiaji analijua na Shabani anajifanya halijui: hakuna kushuka peke yako. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu akimtazama. Wa chini akizimia, wa juu anamfuata na kumpandisha, na muda wenyewe ni mfupi mno. Nikamwambia huyo wa juu nitakuwa mimi.

"Wewe?" alisema. "Wewe unayeogopa beseni?"

"Mimi."

"Na mama yako nitamwambia nini? Nilimwapia."

"Mama nitamwandikia mwenyewe."

Basi ndiyo barua yenyewe hii.

Unajua ulivyotulea. Watoto wote wa Michenga walijifunza kuogelea kwenye madimbwi ya masika, mimi nilichapwa kwa kulowesha magoti. Mafuriko yakija ulinibeba mgongoni kwa kitenge hata nilipofika umri wa kuona aibu, miguu yangu ikining'inia karibu na visigino vyako. Hakuna aliyekucheka. Mume wako alikuwa amechukuliwa na mamba mbele ya macho yako, nani angekucheka? Nilikuwa na miaka sita. Huyo mamba nilimwota mpaka nilipoolewa.

Kisha, wiki yako ya mwisho pale wodini, ukaniambia kwamba hapakuwa na mamba. Baba alikwenda na mtumbwi kuangalia nyavu, mmoja ukawa umenasa kwenye kisiki, akazamia kuunasua na hakuibuka. Wewe ulikuwa ukingoni unasugua masufuria. Uliona mtumbwi unazunguka mtupu. "Niliingia mpaka kifuani," ulisema, "nikasimama." Ukaomba maji ya kunywa, nikakunywesha, na hukulizungumza tena.

Nilikuelewa bila kuelezwa. Mtu akichukuliwa na mamba, hakuna atakayemwuliza mkewe kwa nini hakumfuata. Nimekutunzia siri hiyo miaka mitatu, na leo naiandika wazi asome atakaye, kwa sababu naamini bonde hili lina wanawake wengine waliosimama mahali uliposimama, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Kama nimekosea, nisamehe. Mstari huu naogopa kuuandika kuliko nilivyoogopa ule wa Kilwa.

Nirudi kwenye mapezi. Kuogelea nimejifunza kwa miezi minane, kila Jumapili, kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini. Nisingekwenda mtoni hata kwa dawa, na viboko wale walivyo. Nilipoweza kushuka hadi chini kabisa na kurudi bila kuona giza, nikampigia simu dada mmoja wa Dar anayeuza vifaa vya bahari.

"Ni mara yako ya kwanza, dada?"

"Ya kwanza."

"Basi achana na hayo ya kaboni anayokutajia shemeji. Bei kubwa bure, na magumu yatakukaza misuli ukiwa bado unajifunza. Chukua plastiki laini, yenye kiatu kinachofunika kisigino. Na kikae kama soksi, kisibane na kisicheze. Namba ngapi?"

"Arobaini," nikajibu bila hata kufikiri.

Hapo ndipo ulipo mkono wako, Mama. Kila mwaka ulinisimamisha ukutani, ukanipima mguu kwa unyuzi wa mgomba, kisha ukaongeza vidole viwili. "Utavikulia," ulisema. Ukaenda na unyuzi wako sokoni Ifakara, ukarudi na viatu ambavyo mbele vilijazwa matambara. Nilitembea navyo kwenda shule nikiburuta kama mtu aliyevaa masanduku, na nilivipenda. Niliacha kurefuka darasa la saba, lakini vidole vyako viwili vikabaki. Hadi nimekuwa mwanamke mzima nanunua arobaini na kusokota pamba mbele ya kidole gumba, nikiamini hivyo ndivyo viatu vinavyovaliwa duniani kote.

Mapezi yakaja kwa basi, namba arobaini. Nilipoyavaa yakacheza. Na unadhani nilifanya nini? Nilikata vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye gauni la mteja, nikavisokomeza mbele. Nilijiona fundi kweli.

Jumapili ile tulikubaliana tufanye zoezi lenyewe. Shabani ashuke mahali penye kina, alegee kama aliyezimia, mimi nimfuate nimpandishe. Akashuka. Nikavuta pumzi nikamfuata. Teke la tatu, mguu wa kushoto ukawa mwepesi ghafla. Kitenge kilikuwa kimelowa na kuteleza, pezi likaenda zake pembeni, na mimi nikabaki nazunguka mahali pamoja kama mtumbwi wenye kasia moja. Nilimwona mume wangu chini yangu, mikono imelegea, amefumba macho. Nilinyoosha vidole. Sikumfikia. Nilijua kabisa anaigiza, na bado nilipiga kelele ndani ya maji mpaka nikayanywa.

Alipanda mwenyewe, akiwa na utani wake tayari mdomoni. Aliponitazama usoni akaumeza.

Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua fremu, nilikaa kwenye kigoda nikachukua tepu. Mimi, Mama, ninayepima vifua na viuno vya Ifakara nzima, sikuwahi kujipima mguu. Niliuweka ukutani kama ulivyokuwa ukiuweka. Sentimita ishirini na nne. Nikampigia yule dada.

"Hiyo ni thelathini na nane!" alisema. "Nani alikuambia arobaini?"

"Mama yangu."

Akacheka, akaniambia nimrudishie yale makubwa, na ananitumia mengine. Ndiyo haya niliyovaa sasa. Yamekaa kama yalizaliwa na mimi, na siku ya kwanza kuyavaa nililia kidogo, sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuvaa kitu miguuni bila nafasi yako ndani yake.

Jumapili iliyopita tukarudia zoezi. Safari hii nilimfikia. Nikampitishia mkono kwapani, nikapiga mateke, naye mzito, Mama, mzito kuliko kiroba cha mpunga kilicholowa. Kifua kinawaka, masikio yanauma, na ule mwanga wa juu hausogei. Nilipotoka kichwa nilikuwa sina nguvu ya kumpandisha ukingoni, nilimshikilia tu mdomo wake usiingie maji. Akafungua jicho moja. "Nimepona?" akauliza. Nilimzaba kofi mbele ya wageni wa hoteli. Kisha nikamkumbatia tukakaa hivyo humo humo majini, na yeye akaacha kucheka. Akaniambia hatashuka tena hata hatua moja kama mimi siko juu. Nimemwamini, lakini bado naogopa.

Naogopa kila kitu. Bahari haina vigae chini wala ukingo wa kushika. Mawimbi siyajui, mkondo siujui, na sijui kama Jumatatu nitamwona vizuri akiwa chini kule au nitaona kivuli tu. Wiki hii nimekata mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja. Naamka nikihesabu pumzi za Shabani kabla hajaamka. Kama nisipokwenda, atarudi kushuka peke yake siku moja, namjua. Nikienda, huenda nikashindwa. Sina njia ya tatu, nimeitafuta.

Lakini ipo sababu nyingine ya kukuandikia, na nimeizungukazunguka tangu mwanzo wa barua. Pale bwawani nilikuwa na maji safi yanayoonyesha mpaka chini. Nilikuwa na mapezi ya namba yangu, na miezi minane ya mazoezi, na mtu aliye hai anayejilegeza kwa hiari yake. Na bado nusura nimwachie. Wewe ulikuwa na mto wa masika, maji ya udongo ambayo mtu haoni hata mkono wake, kitenge kiunoni, na hukuwahi kufundishwa kuogelea. Usingeweza, Mama. Nimelipima jambo hili kwa mwili wangu mwenyewe, nakuambia usingeweza.

Tena kuna hili. Siku ile nilikuwepo. Wewe uliponisimulia wodini, hukunitaja, nadhani ulinificha makusudi, kama ulivyomficha Baba nyuma ya mamba. Mimi simkumbuki mamba wala mtumbwi. Nakumbuka mgongo wako tu ukiwa ndani ya maji, unaendelea kwenda, na kitenge kinaelea nyuma yako. Nikaogopa nitaachwa. Nikakuita.

Hukusimama kwa woga. Mimi nilikuita, ukageuka.

Nilale salama nikijua umesikia hilo. Nawe lala salama, Mama. Jumatatu nikitoka majini nitakuamkia tena.

Ni mimi, kitinda mimba wako.