Baba, Haikuwa Baridi

Baba mpendwa,

Tangu ulipohamishiwa Nyeri kutoka Kakamega, ukiwa polisi, uliuchukia mlima wa huko. Kikohozi, mgongo, hata jino la Mama, yote ulisema ni baridi ya mlima. Tulikuamini. Sisi watu wa joto tungebisha nini?

Kwa hiyo kichwa kilipokushika, ulivaa marvin, ile kofia yako ya sufu, ukaishusha upande wa kushoto uliouma mpaka ikafunika jicho. Ukatapika chakula chote. Jirani yetu, Mama Wanjiru, akasimama mlangoni: "Ati anatapika? Hiyo ni taifodi, mpeleke apimwe." Ukapimwa, ukaambiwa una taifodi kidogo, ukapewa dawa. Nani huku hajawahi kuambiwa ana taifodi kidogo?

Jioni moja uliniambia taa za barabarani zimezungukwa na rangi za upinde wa mvua. Ulicheka ukiwa umeshika kichwa. "Ni hii ukungu yao, mama. Hata stima inasikia baridi." Nikacheka nawe. Jicho lilikuwa jekundu chini ya sufu, na hakuna aliyeinua kofia kuliangalia.

Aliyeiinua ni daktari wa macho, na tulimfikia tumechelewa. "Mzee, hii kichwa ilikuwa inatoka kwa jicho. Presha ya jicho ilipanda. Mbona mlikaa nayo hivyo?" Jicho hilo lilikuwa limekufa. La pili lilikuwa limeumia pia, likazima polepole.

Wewe uliyemjua kila mtu mjini kwa mwendo wake, ukaanza kuuliza nani ameingia. Uliacha kutoka nje. Ulikufa ukiwa na hasira, Baba, na sikukulaumu. Tulikuzika kwetu, kwenye joto ulilolitamani, lakini mimi sikupata faraja yoyote. Naukasirikia mlima, naikasirikia taifodi ya bure, najikasirikia mwenyewe.

Daktari alisema ugonjwa huu hufuata ukoo, basi nikaenda kupimwa. Macho yangu yameumbwa kama yako: njia ya maji ya ndani ni nyembamba. Watanitoboa kitundu jichoni kwa mwale wa mwanga kabla presha haijapanda. Nilimuuliza itachukua muda gani.

"Dakika chache tu," akasema. "Halafu unaenda nyumbani."

Nililia mbele yake, akadhani naogopa.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
kifungua mimba wako