Majina Matatu na Shahidi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimechemsha kitambulisho changu. Mimi! Dobi wa hospitali miaka kumi na tisa, ninayewafokea manesi kila siku kwa kuacha kalamu na mikasi mifukoni. Asubuhi nilikichukua nikipige fotokopi kwa ajili ya fomu za binti, nikakitia kwenye mfuko wa aproni, nikasahau. Aproni nikaitupa kwenye mashine kubwa pamoja na mashuka ya wodi ya upasuaji. Nyuzi tisini. Kimetoka kimejikunja kama ganda la chungwa, cheupe pe. Sura hakuna. Limebaki sikio moja.

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka. Mjinga mimi.

Nyumbani nikaisoma tena barua ya chuo. Binti yangu amepata nafasi ya uuguzi nchi jirani, mmoja kati ya ishirini. Hajatimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo wanataka hati ya kiapo, mzazi akiri kwamba ameridhia, na muhuri wa wakili juu yake. Mwisho wa kuituma mtandaoni ni Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni. Ikichelewa, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Baba yake alishafariki. Mzazi ni mimi tu.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya wakili iko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Nilikwenda na bahasha nzima: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo cha mume wangu, barua ya kazini, na lile ganda langu. Wakili ni mtu wa adabu. Afadhali angekuwa mkorofi, ningejua la kumjibu. Akavitazama kimoja kimoja, akavirudisha. Cheti hakina picha. Barua haina picha. Na chenye picha – akakiinua kwenye mwanga wa dirisha – hakina picha tena.

"Mama yangu," anasema, "siwezi kugonga muhuri kwa mtu nisiyemjua."

Ananiita mama yake, kisha anasema hanijui!

Nikakimbilia ofisi ya vitambulisho. Kipya ni wiki sita. Wamenipa karatasi ya kuonyesha kwamba nimeomba. Haina picha. Nikamuuliza bwana wa dirishani kama hawezi kubandika hata kijipicha. Akaniangalia kama nimemwomba figo.

Alhamisi, 6 Machi

Karani wa wakili kapiga simu. Iko njia nyingine! Mashahidi wawili waje waape kwamba mimi ni mimi. Nilifurahi nikamwaga chai.

Nikaenda na wifi yangu na msimamizi wetu wa chumba cha kufulia. Wifi hakupewa hata kiti. Ndugu hawaruhusiwi, wa damu wala wa ndoa. Alitukana ngazi zote kushuka.

Msimamizi akaingia. Shahidi anahojiwa peke yake, mlango unafungwa, mimi nikabaki kwenye benchi. Dakika mbili, katoka. Uso umemshuka. Wakili alimuuliza jina langu kamili. Akasema, Mama Pacha. Wakili akasema hilo ni la kuitwa, nataka la kwenye cheti. Akasema, basi ndilo hilo hilo.

Miaka kumi na tisa! Tumekunja mashuka pamoja, yeye ncha hii, mimi ncha ile, kila siku ya Mungu. Nikamuuliza kwenye ngazi, kweli hujui? Akasema, "Mama Pacha, usinilaumu. Na langu mimi unalijua?"

Silijui.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kwa majirani wote wa upande wetu. Kumi na moja. Mama Pacha, Mama Pacha, Mama Pacha. Mmoja kasema labda naanzia na herufi S. Hapana. Yule wa pembeni, aliyenisaidia kuwapokea hawa pacha siku nilipojifungua, kajaribu majina mawili kwa kubahatisha, akakosea yote. Akanikaribisha nikae ninywe uji. Sikutaka uji!

Nimekasirika mpaka meno yananiuma. Na nani wa kumkasirikia? Mwenyewe nilipenda kuitwa hivyo. Walipozaliwa wawili kwa mpigo nilitembea mtaa mzima ili niitwe.

Jumapili, 9 Machi

Shahidi wa kwanza kapatikana! Mzee wa stoo. Nilimkumbuka nikiwa nafua soksi za nyumbani. Kila Jumatatu nasaini daftari lake la sabuni, na hakubali saini ya mkato, lazima majina yote matatu. Ndiye tuliyekuwa tunamwita Koboko kwa ajili ya hilo daftari. Nikamfuata kwake. Kabla sijakaa kayataja yote matatu, na kilo za sabuni nilizochukua Desemba.

Namwomba radhi moyoni kwa kila nililowahi kumsema.

Bado mmoja. Nimeipitia tena karatasi ya masharti aliyonipa karani. Asiwe ndugu. Asiwe na faida katika jambo lenyewe. Awe na kitambulisho chake. Anijue kwa jina si chini ya miaka mitano. Asiwe na ugomvi nami.

Binti kaniuliza leo, mama, kwani huna rafiki wa shule? Hakuwa na nia mbaya. Nikamwambia aende akakoshe vyombo.

Jumanne, 11 Machi

Haya, niandike, maana humu hasomi mtu. Yupo. Kipaza.

Tulimwita hivyo sekondari kwa sababu ya sauti yake. Akisoma darasani, jikoni wanasikia. Tulikaa dawati moja miaka minne, chanda na pete. Kwao kulikuwa karibu na shule, kwetu mbali, mchana nikila kwao. Mama yake hakuwahi kuniuliza nitakuja au siji. Sahani yangu ipo mezani, imefunikwa.

Miaka sita iliyopita yule mama akafariki. Kipaza akanipigia mwenyewe. Siku hiyo mashine zote mbili zilikuwa mbovu, tunafua kwa mikono, nikasema nitakwenda kesho. Kesho nikaona aibu kwa kuwa sikwenda jana. Baada ya wiki aibu imekua. Baada ya mwezi nikaanza kupita njia nyingine. Sikuzika. Sikupeleka pole. Hata ujumbe wa simu sikutuma.

Ndiye anayejua jina langu. Wa pekee. Kweli Mungu ana mizaha.

Jumatano, 12 Machi

Sikwenda. Nilifika mpaka kwenye geti la kazini kwake, nikarudi. Nimejisingizia mvua. Kulikuwa na mawingu tu.

Mzee wa stoo kauliza wa pili vipi. Nikasema yuko njiani.

Alhamisi, 13 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Kipaza anafundisha udereva. Uwanja wa vumbi, koni nyekundu, gari dogo lenye herufi kubwa juu ya paa. Sauti nimeisikia tangu barabarani: "Klachi, baba! Klachi! Huo ni mguu gani?" Akaniona. Hakushtuka. Kashusha kioo, kasema ingia nyuma, nina mwanafunzi.

Nikaingia. Mwanafunzi mtu mzima, jasho linamtiririka shingoni. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha – pole, nisamehe, mama alikuwa mama yangu pia. Nikafungua mdomo, nikaanza na kitambulisho! Mashine, wakili, masharti, kesho saa kumi. Nikamaliza yote kwa pumzi moja. Gari likazimika mara mbili.

Yeye anatazama mbele tu. Kauliza kuhusu binti, yupi, yule aliyezaliwa wa pili? Nikasema ndiye. Kisha:

"Miaka sita. Na umeletwa na karatasi."

Nikaikunja karatasi ya masharti.

Akamwambia yule bwana arudi nyuma taratibu. Halafu akasema wakili atamuuliza kama tuna ugomvi, ndivyo masharti yalivyo, mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimemsomea. Nataka aseme nini? Nikasema – na ningekatwa ulimi kabla! – nikasema, "Sema hakuna."

"Nile kiapo cha uongo? Kwa ajili yako?"

Yule bwana akagonga koni. Kipaza akamwambia si kosa lako, baba, zima gari, tupumzike. Akashuka akaisimamisha ile koni. Mimi nikashuka upande wa pili, nikasimama kidogo, nikaondoka. Hakusema atakuja. Hakusema haji.

Pole sikuisema. Ilikuwa mdomoni tangu getini, na sikuisema.

Binti kapiga pasi sketi yake ya safari. Sikumwambia apige pasi, wala sikumwambia aache.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la wakili. Saa tisa na robo. Nimekuja na daftari ili mikono ipate kazi.

Mzee wa stoo kaingia saa nane, katoka baada ya dakika tano, kasimama wima kabisa. Kapita. Kaniambia wakili hana daftari la maana, mistari imepinda.

Saa tisa kasoro tano, hatua kwenye ngazi. Kipaza. Kitambulisho kakishika mkononi, hakukitia hata mkobani. Hakunisalimu. Nikasimama. Karani akasema shahidi aingie, mlango ukafungwa.

Ukuta ni wa mbao nyembamba na sauti ni ile ile. Nasikia kila kitu. Sauti ya wakili siipati, ya kwake naipata yote. Kataja jina langu. La baba yangu. La babu yangu, ambalo hata kaka yangu hulikosea. Dawati la tatu, upande wa dirisha. Miaka thelathini na moja. Kovu la goti, nilianguka kwenye ngazi za kwao nikiwa na sahani mkononi. Mama yake akanifunga kitambaa.

Kasema "mama yangu" hapo, sauti ikakatika kidogo.

Karani kaacha kuandika. Naye anasikiliza.

Sasa kimya. Najua wamefika wapi. Ni lile sharti la mwisho.

Bado kimya. Sijawahi kukaa karibu na Kipaza kukawa na kimya kirefu hivi. Saa tisa na dakika ishirini na tano.

Kasema! "Hilo usiniulize mimi, wakili. Muulize yeye. Mbele yangu."

Kiti kimesogezwa. Wakili kachungulia, kamwambia karani aniite. Mlango uko wazi, naona bega la Kipaza na muhuri juu ya meza. Hajageuka.

Nimeita pole yote iliyomo kifuani, haiji kwa mpangilio.

Karani ananiita. Si mama, si Mama Pacha. Majina yote matatu, bila kukosea hata moja. Ananiita tena. Naweka kalamu, naingia, naanza na pole.