Hatua Aliyoiruka Mzee

9 Februari

Mwanangu Mabano,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi ulichoondoka nacho siku tulipomzika mzee kimekuachia? Mimi naendelea. Magoti yananuna asubuhi, yakipata jua yananisamehe.

Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mwanafunzi wake wa mwisho, na sina mwingine wa kumuuliza. Juzi mwenzake wa chuoni alikuja kuchukua vitabu. Chai ikiwa bado ya moto akaniambia, polepole kama mtu anayetoa mwiba, kwamba kuna kijana wa chuo kingine ameona tundu kwenye uthibitisho wa kihisabati wa mzee wangu. Ule mkubwa, ambao mnautegemea kukagua programu za mashine za dripu.

Unajua dada yako, binti yangu, ni muuguzi. Wodi yake nzima imejaa mashine hizo.

Shule yangu ilikuwa fupi. Najua tu alichonieleza mzee zamani, binti yetu akiwa mdogo, siku mtoto alipokunywa mafuta ya taa kwenye chupa akidhani ni maji. Alipopona, mzee hakunigombeza. Alikwenda kwa fundi bati, akarudi na dumu lenye mdomo mrefu mwembamba, unaoingia kwenye jiko tu. Akasema, "Tusitegemee umakini wa mtu, mke wangu. Umbo lenyewe likatae." Kazi yake yote ilikuwa hiyo, alisema: kila kitu ndani ya programu kiwe na aina yake, na kompyuta ikatae kuvichanganya kabla mtu hajaumia.

Sasa niambie, wala usinifiche kama mgonjwa. Alikosea?

Mama yako


20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimeondoka, kimeniachia sauti ya chura. Magoti yape pole zangu.

Ukweli ni kwamba sijui. Kweli kuna hatua moja ambayo haifuatani na iliyoitangulia. Tumeamua kuuandika uthibitisho wote upya ndani ya programu inayokagua mantiki hatua kwa hatua. Haina adabu hata kidogo. Haimjui profesa wala mwanafunzi; usipoeleza, inakataa. Ikikataa hadi mwisho, itabidi tuwaandikie watengenezaji wa mashine na hospitali zote.

Sitaandika tena mpaka nijue. Sitaki kukupa matumaini ya kukisia. Mwambie dada ahesabu matone kwa macho pia.

Mwanao, Mabano


2 Aprili

Mabano mwanangu,

Natumai u mzima na unakula. Mimi chakula kinapita kwa shida.

Kimya chako kinanisemesha usiku kucha. Dada yako anahesabu matone mpaka macho yamekuwa mekundu. Anasema yuko tayari kusikia lolote. Mimi siko tayari, lakini niandikie.

Leo nimemkumbuka mzee akimwelekeza mgeni kwa simu. "Shuka kituoni, halafu umefika." Katikati kuna kona tatu na daraja! Wageni wetu walikuwa wanaingia jasho linawatoka, wanamlaumu kabla ya kukaa. Naye anashangaa: "Si ni hapo tu?" Lakini walifika.

Mama yako


6 Aprili

Mama,

Salamu baadaye. Imekubali.

Barua yako imenikuta natafuta karatasi ya kuandikia hii. Wiki zote hizo programu ilikuwa inakataa palepale, na barua ya kuwaonya watengenezaji nilikwisha kuianza mara mbili. Mzee aliandika "ni wazi kwamba", akaruka. Kilichokuwa wazi kwake kimetuchukua kurasa kumi na moja. Lakini alichosema ni kweli, chote, na mashine za dada ziko salama. Yule kijana aliyeona tundu alifanya vyema kuuliza. Ndiye aliyetusaidia kuliziba, na amefurahi kuliko sisi.

Programu ikikubali haitoi hata pongezi, inanyamaza tu. Tukabaki tunakitazama kioo cha kompyuta kama watu waliosusiwa. Kisha nikafungua barua yako. Kwenye kona tatu na daraja nikacheka mpaka nikalia, na wenzangu wakadhani imekataa tena.

Shikamoo, Mama. Sasa naomba ule.

Mwanao, Mabano


15 Aprili

Mabano wangu,

Nimekula. Hata magoti yana adabu wiki hii.

Barua yako nimeisoma mbele ya picha yake, kwa sauti. Nikamwambia, "Unaona? Ungeeleza tu." Halafu nikalala mchana kweupe, kitu ambacho sijakifanya tangu tumzike. Dada yako bado anatupia dripu jicho, ila kwa mazoea, si kwa hofu. Lile dumu lipo. Jiko la mafuta tuliliacha zamani, lakini dumu silitupi.

Njoo ututembelee. Njia unaijua, ila naiandika yote, kwa niaba yake: shuka kituoni, kata kushoto kwa fundi viatu, kisha kulia penye ukuta ulioanguka, vuka daraja, kata kushoto tena, mlango wa buluu.

Halafu umefika.

Mama yako