Bwana Anakuja Jumamosi

Mpendwa Hajati Sumayiya, naomba msaada wako na naomba haraka, maana leo ni Jumatatu, na Jumamosi watu wa kanisa letu wanangoja mwisho wa dunia, na mwisho wenyewe nimeuleta mimi kwa simu yangu.

Naitwa Estelle, mzaliwa wa Bukavu, nashona nguo hapa Bwaise, na kanisani mimi ni mwandishi wa kikundi cha maombi, natuma matangazo kwenye WhatsApp. Nina jirani anaitwa Lakica, Mwacholi, mtu mwema kabisa, bwana yake Okwera ni mwanajeshi na yuko Somalia mwaka na nusu sasa, na kwa sababu simu ya Lakica iliingia maji wakati wa mafuriko, Okwera anapitisha ujumbe kwangu nami namsomea mkewe. Sasa wiki juzi tulifunga siku tatu, Mchungaji Arsène alituambia tuombe ishara juu ya siku ya hukumu, na jioni ile tukiwa kanisani tunafungua kwa chai, Lakica amebaki nyumbani na mtoto mwenye homa, simu yangu ikalia, ni Okwera, nikataka kuutuma ujumbe kwa bwana yangu aliyekuwa nyumbani amsomee Lakica, lakini vidole vilikuwa na mafuta ya mandazi, nikabonyeza vibaya, ukaenda kwenye kikundi. Nakunakilia ulivyoandikwa:

“Bwana anakuja jumamosi tarehe 14. Saa hakuna mtu anajua. Nyumba ikuwe safi, watoto waoge, mtu asilale. Mukisikia honi mutoke wote inje.”

Hajati, kabla sijaufuta Mchungaji alikuwa ameshasimama anausoma kwa sauti, na alipofika kwenye honi akaruka, “Parapanda! Ndiyo hiyo parapanda ya siku zetu!” na watu wakaanguka chini wanalia na kucheka pamoja, na mimi nilifungua mdomo niseme jamani huyo ni Okwera, mdomo ukakataa.

Na tangu siku ile, sijui nikueleze vipi, mtaa wetu umekuwa mzuri. Watu wanaimba tangu asubuhi, wanafua nguo nyeupe za kumpokelea Bwana. Mzee mmoja polisi mstaafu, ambaye hakuwahi kujibu salamu ya mtu, sasa anasalimia mpaka mbuzi. Pasi yangu iliyopotea imerudi, na aliyeirudisha amenibusu. Wifi yangu Nabintu, ambaye hatukusemeshana miaka minne kwa sababu ya kitenge nilichomshonea kikambana, alikuja akapiga magoti mlangoni kwangu, tukalia, tukapika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, tukala sahani moja. Na mimi nakalishwa kiti cha mbele, chai naletewa wa kwanza, wananiita mama wa ishara, na nikisema sikufurahia nitakuwa nadanganya tena.

Lakini Lakica, bambi, maskini wa watu, ndiye anayeninyima usingizi, maana naye ameamini. Kitanda chake amewapa watu walioingiliwa na maji, anasema Bwana hatauliza habari za kitanda, na Ijumaa asubuhi anapanda na watoto watatu kwenye mlima wa maombi pamoja na kanisa zima mpaka Jumapili, nyumba ataifunga kwa kufuli na ufunguo anasema atautupa. Kwa hiyo Okwera atafika Jumamosi, mwaka na nusu hajaona watoto, atakuta kufuli. Na mimi nilishamjibu, “Sawa, nimemwambia,” na sasa yuko safarini hapatikani. Nikisema ukweli furaha yote itakufa na Mchungaji ataaibika, nikinyamaza nyumba ya rafiki yangu itavunjika. Nifanye nini?

Wako katika mashaka,
Estelle, Bwaise

*

Estelle mwanangu,

Kipindi changu husikika Jumapili, lakini barua hii haiwezi kungoja Jumapili, kwa hiyo nakujibu leo Jumatatu kwa simu yako. Redioni nitaisoma mambo yakishaisha, na majina nitayabadilisha.

Kwanza niache nicheke. Nimecheka mpaka mjukuu wangu amekuja kuuliza kama naumwa. Honi! Ya Rabi, honi! Haya, nimemaliza. Sasa nyoosha mgongo nikugombeze.

Kubonyeza vibaya si dhambi, mimi mwenyewe niliwahi kutuma orodha ya sabuni kwa imamu. Kosa lako ni kile kiti cha mbele. Kila siku ulipokaa pale na chai yako, ulikuwa unajua. Usiniambie mdomo ulikataa. Mdomo huo ulikunywa chai vizuri tu.

Kiyama ni kweli, sisi Waislamu nasi tunakingoja, na siku yake hakupewa nabii wala malaika. Wewe na mafuta yako ya mandazi utaijulia wapi? Hukumu iache kwa mwenyewe. Wewe una mtu mmoja tu wa kumwogopa Jumamosi, naye atakuwa na begi mgongoni.

Nikuambie jambo. Mimi ni mtoto wa askari, nimezaliwa kambini Bombo. Mwaka mmoja baba alirudi kutoka kazini bila mama kupata habari, akakuta tumekwenda kwa bibi na mlango umefungwa. Alikaa juu ya begi lake kutoka asubuhi mpaka jua linazama, majirani wanapita wanamtazama. Alikufa mzee, akiwa na wajukuu, na bado alikuwa anaisimulia siku ile, na kila akiisimulia mama alikuwa anatoka nje. Hakuna aliyekosa, Estelle, na bado iliwauma miaka arobaini. Na huyu Okwera wako wewe umemwandikia kwamba mkewe anajua. Akikuta kufuli atafikiri nini? Unataka nikutajie?

Sasa furaha ya mtaa. Unaogopa itakufa. Kwani wifi yako aliposhuka kwa magoti alikuwa anampigia Okwera? Aliomba msamaha kwa sababu miaka minne ilimchosha, akapata siku ya kusema. Mkishakula sombe sahani moja mmeshakula, hakuna wa kuitapika. Yule mzee akiacha kusalimia mbuzi, mbuzi watazoea. Na yeyote atakayejuta na kuja kuchukua tena pasi, mpe aende nayo, utajua alikuwa mtu wa namna gani.

Mchungaji wako ataona aibu siku mbili, kisha atapona. Mwendee leo hii jioni, lakini usimwendee kabla ya Lakica. Mwambie nimekosa, si ishara, ni mume wa jirani, na nimekaa kimya kwa sababu nilipenda kuitwa mama. Sema mbele yake na mbele ya wale wale waliokuletea chai. Usilie sana, utawachosha. Halafu muombe kitu kimoja: mlima haukimbii, waupande wiki ijayo. Jumamosi wavae zile zile nguo nyeupe walizokwisha kufua, wakae uwanjani kwenu waimbe, na honi ikilia watoke wote nje kama walivyoambiwa. Mwanajeshi gani wa nchi hii amewahi kupokewa hivyo? Nami nitakuja, wallahi, nikae nyuma na kashata zangu.

Kitanda usikifuate. Wale watu walioingiliwa na maji wamepewa, ni chao. Kitanda chako wewe ndicho kitakachohamia kwa Lakica kabla ya Ijumaa, pamoja na shuka safi, na wewe na bwana yako mtalala chini mpaka mtakapopata kingine. Akiuliza kwa nini, mwonyeshe barua hii.

Basi zima cherehani. Usioge, usibadilishe nguo, usitafute maneno mazuri. Ingia kwa Lakica sasa hivi, mshike mikono yote miwili, kama anapika mwondoe jikoni, umwambie, “Lakica, bwana wako anakuja Jumamosi.” Hilo neno ‘wako’, Estelle, litamke asikie. Kisha funga mdomo, umpe nafasi apige vigelegele.

Hajati Sumayiya