Mlango Mzuri Usiofunguka

Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, Dunda yote inanukia udongo. Moyo wangu mweupe.

Nasema mimi, anaandika mjukuu wangu Zuhura. Nimemwonya asinipunguzie neno, hata nikimsema yeye.

Shule sikuiona. Lakini kompyuta ya nyumbani nilikuwa naifungua mwenyewe. Ikiwaka inatoa picha za watu wa nyumba hii: Zuhura ana uso wake, mimi nina kanga yangu ya kisutu. Nabonyeza kisutu, naweka namba ya siri, naingia. Humo ndimo ninamomwona Mwajuma, kitinda mimba wangu aliyeolewa Muscat. Kwenye simu uso wake kama punje ya mtama, na macho yangu haya!

Juzi ile programu ya kuingilia, yenye picha zetu, ikaanza kuganda. Zuhura akaweka nyingine. Nzuri, sisemi uongo. Maua, saa kubwa, rangi za bibi harusi.

Ila haina picha za watu. Inataka uandike jina.

Asubuhi Zuhura kaenda Kiwangwa kufuata mananasi. Nami leo ndiyo nilikuwa nionyeshwe mtoto wa kwanza wa Mwajuma. Nikakaa mbele ya maua yale kama mgeni asiyeitikiwa hodi. Mwisho Mwajuma akapiga simu, nikamsikia mtoto analia. Kulia tu. Sura sikuiona.

Nililia na mimi.

Zuhura aliporudi sikumsalimia vizuri.

"Mlango wa nakshi usiofunguka ni ukuta, mwanangu."

"Bibi jamani, nyingine yenye picha iliyobaki ni mbaya! Kijivu kitupu, kama gunia."

"Na mihogo huwa unaibebea kwenye hariri?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Akaiweka hiyo ya gunia, kisutu changu akakirudisha. Maua yake akayahamishia ndani, uyaone ukishaingia. Kisha hakunifungulia. Akasogea pembeni: "Haya Bibi, piga hodi."

Hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa ajili yake. Mwingine angenifungulia kila siku, nikabaki mgeni nyumbani kwangu.

Jioni nimemwona mjukuu wangu. Pua ya marehemu babu yake, pana, imejikalia. Mwajuma anasema kila asubuhi anamkanda aibane kidogo, ichongoke.

Nikamwambia, iache hiyo pua. Inapumua, yatosha.

Zuhura, zima sasa. Kesho nafungua mimi.